Kifo na Kilio: Tutafute Wapi Chemchem za Masomo?

Kila mwaka waseminari wengine wanachagua kuandika kazi yao ya kumaliza masomo juu ya kifo, juu ya mazishi ao juu ya matanga. Hatushangai. Hapa Ituri kifo si habari ya mbali. Basi kijana anakwenda maktaba, anatafuta siku mbili tatu, anarudi na vitabu viwili vya Kifaransa: kimoja juu ya wagonjwa wa Chicago, kingine juu ya makaburi ya Ufaransa. Anavifupisha kwa bidii. Mwishoni anaongeza kurasa kumi «juu ya desturi za kwetu», alizoziandika kwa kichwa tu, pasipo kumwuliza mtu. Kazi inapokelewa. Lakini mama mjane wa kijiji chake akisomewa kazi ile, hatajitambua humo hata katika mstari mmoja.

Kosa si la vitabu. Kosa ni la utaratibu: kijana ameanzia mbali, akamalizia karibu. Sisi tunataka kuonyesha njia nyingine, ya kuanzia karibu na kwenda mbali, kusudi vitabu vya mbali vituangazie mambo tuliyokwisha kuyaona kwa macho yetu. Tena tuseme wazi tangu mwanzo: chemchem za karibu zinakauka upesi. Kitabu kilichochapishwa Paris kitakuwapo mwaka ujao. Mzee wa miaka 80, ao rejista iliyofungiwa katika sanduku la parokia karibu na mapigano, pengine hapana.

I. Ulizo mbele ya kitabu

Anayetafuta «kifo» peke yake atapata vitabu elfu, na hatajua aanze na kipi. Inafaa kwanza kugawa jambo hilo katika milango mitatu. Mlango wa kwanza ni kufa: mgonjwa anayekaribia mwisho, wale wanaomlinda, kitubio, mpako mtakatifu na komunyo ya safari ya mwisho. Mlango wa pili ni kuzika: maiti, kaburi, ibada, nani anaongoza sala na pahali gani. Mlango wa tatu ni kulia: mjane, yatima, urithi, siku za matanga, na namna matanga yanavyoondolewa. Kila mlango una chemchem zake.

Kisha uandike ulizo moja lenye kuweza kupata jibu. «Kifo katika Afrika» si ulizo. «Katika parokia yetu, kati ya wakristu kumi waliozikwa, wangapi walipokea mpako mbele ya kufa?» Hilo ni ulizo, na jibu lake haliko Paris wala Kinshasa. Liko katika biro ya parokia.

II. Kitabu cha wafu

Mwaka 1614 Papa Paulo V alitangaza Kitabu cha Ibada cha Roma. Humo maparoko walionyeshwa namna ya kuandika vitabu vya parokia, na kimoja ni kitabu cha wafu. Sheria za Eklezia za mwaka 1917, katika kanuni ya 1238, ziliagiza kwamba baada ya maziko yaandikwe jina na umri wa marehemu, jina la wazazi ao la mwenzake wa ndoa, siku ya kufa, sakramenti alizopokea na nani aliyezitoa, tena pahali na siku ya kuzikwa. Sheria za mwaka 1983 zimehifadhi wajibu huo katika kanuni za 535 na 1182.

Wengi wanaona kitabu hicho kama kazi ya biro tu. Kumbe ni shahidi mkubwa. Ukihesabu umri, unaona ni watoto wangapi waliokufa mbele ya kufikisha miaka mitano. Ukihesabu miezi, unaona majira ya homa na majira ya njaa. Ukitazama sakramenti, unajua kama wakristu wanamwita padri mgonjwa angali ana akili, ama wanamwita pumzi ikiwa imekwisha kukatika. Ukitazama pahali pa kuzikwa, unaona ni lini watu walianza kuzikwa katika makaburi ya misioni na ni lini walirudi kuzikwa nyumbani kwao.

Tazama pia kimya chake. Pengine utakuta mistari imejaa, na ghafula ukurasa mweupe, kisha maandishi yanaanza tena miezi mingi baadaye kwa mkono wa mtu mwingine. Usiseme kwamba miezi ile hakuna aliyekufa. Pengine ndiyo miezi waliyokufa wengi zaidi, na mwenye kuandika alikuwa amekimbia. Ukurasa mweupe nao ni habari, na inakupasa uulize nini kilitokea.

Ujue tena ni nani hawamo. Wasiobatizwa hawamo. Mara nyingi waliozikwa mbali na katekista, padri akiwa safarini, hawamo vilevile. Kwa hiyo umwombe katekista wa kijiji akuonyeshe kaye yake, ikiwa anayo. Makatekista wazee wengine wameandika humo kwa kalamu ya risasi majina ya watu wote waliowazika kwa mikono yao.

Na kama rejista ya parokia imeungua ao imeibwa? Usikate tamaa upesi. Kanuni ya 470 ya sheria za 1917 iliwaagiza maparoko kupeleka kila mwisho wa mwaka nakala ya vitabu vyao katika ofisi ya Askofu. Si parokia zote zilizotii sawasawa, lakini kwa miaka ya mbele ya 1983 inafaa kuuliza huko. Nakala moja iliyosahauliwa katika kabati yaweza kurudisha majina ya kijiji kizima.

Unapokwenda, uombe ruhusa ya paroko kwa barua. Usichukue kitabu kwenda nacho chumbani. Nakili hesabu, usinakili siri. Majina ya jamaa zilizo hai yasitokee katika kazi yako pasipo wao kukubali.

III. Kitabu cha kila siku cha misioni

Mapadri Weupe, shirika lililoanzishwa na Kardinali Lavigerie mwaka 1868, walikuwa na sheria kwamba kila misioni iandike mambo yake katika kitabu cha kila siku. Jimbo letu la Bunia, lililofanywa jimbo kamili mwaka 1959, lilitoka katika Vikarieti ya Ziwa Albert, na wa kwanza kuitwa Askofu wa Bunia, Monsenyor Alphonse Matthijsen, alikuwa wa shirika hilo. Mwaka 1962 jimbo la Mahagi lilikatwa kutoka kwake. Basi mwenye kutafuta habari za zamani za pande hizi asisahau vitabu hivyo. Archivi kubwa ya shirika iko Roma. Ukiandika barua huko, usiseme «nataka habari za kifo». Taja misioni, taja miaka, taja jambo: tauni, ndui, mazishi ya chifu, kifo cha katekista wa kwanza.

Lakini vitabu hivyo visomwe mara mbili. Mara ya kwanza uandike alichokiona mwandishi: nani alilia, ngoma ilipigwa siku ngapi, mjane alikaa wapi. Mara ya pili uandike namna alivyokihukumu. Mara kwa mara padri mgeni aliona machozi na ngoma akaandika «upagani», na neno hilo likafunika yote. Alichokiona chaweza kuwa kweli, hata kama hukumu yake ni ya haraka. Mwenye kutenga mambo hayo mawili anapata faida kubwa.

IV. Wazee, akina mama, na mkeka wa matanga

Sasa tunafika kwenye chemchem iliyo hai, nayo ndiyo inayotaka heshima kuliko zote. Mwenye kufiwa si kitabu. Hapa tunawaomba ninyi waseminari mtusikilize vizuri.

Katika matanga usifungue kaye. Usitoe telefone kusudi kuchukua sauti za wanaolia. Fika, useme pole, kaa chini pamoja na watu, saidia kubeba maji ao kuni, sali nao ikiwa wanaomba. Siku ile wewe ni ndugu wa wafiwa, si mwanafunzi. Utarudi baadaye, matanga yakiisha kuondolewa, pamoja na katekista ao mzee anayejulikana, na hapo utaeleza unataka nini na kwa sababu gani. Akikataa, mshukuru na uende. Akikubali halafu machozi yakimzuia, funga kaye.

Uliza wanaume na wanawake mbalimbali. Pahali pengi akina mama ndio wanaokaa na mgonjwa usiku, ndio wanaojua nyimbo za kilio, na wajane ndio wanaojua uzito wa desturi. Ukiwauliza wazee wanaume tu, utaandika desturi namna inavyopashwa kuwa, lakini hutaandika namna inavyoumiza ao inavyofariji.

Uulize kwa lugha ya nyumbani. Ituri ina watu wa lugha nyingi: Walendu, Wahema, Waalur, Wabira, Wanyali, Walese, Wambuti na wengine. Kiswahili kinatusaidia kusikilizana, lakini neno «matanga» linaficha mambo mengi. Andika neno lenyewe ambalo watu wanatumia kwa kufa kwa mzee, kufa kwa mtoto mchanga, kufa porini, mjane, yatima, na siku ya kumaliza kilio. Pengine utakuta kwamba pahali tunapotumia neno moja wao wana manne. Hapo umepata sura moja nzima ya kazi yako.

Ukimaliza kuandika, rudi ukawasomee waliokuambia. Watasahihisha. Tena watajua kwamba hukuja kuchukua tu.

Na ninyi mapadri na mashemasi: mliyoyasikia katika kitubio yamefungwa milele, na hakuna kazi ya masomo inayoweza kuyagusa. Hata maneno mgonjwa aliyoyasema kitandani nje ya kitubio, akimwamini padri wake, si mali ya kazi yenu. Kitanda cha mgonjwa si shamba la kuvuna kurasa.

V. Maandiko na mapokeo ya Eklezia

Baada ya kuona na kusikia, tufungue vitabu, na kwanza vile vya imani. Wengi wanakimbilia barua ya kwanza kwa Watesalonike, sura ya 4, na Injili ya Lazaro katika Yoane 11. Ni vizuri. Lakini wasisahau Tobiti, aliyezika wafu wa taifa lake kwa siri huku akitafutwa auawe. Msomaji wa Ituri atamwelewa pasipo maelezo. Wasome na Yoshua bin Sira 38, anayefundisha kulia kwa haki kisha kukubali kufarijiwa, na Wamakabayo wa pili 12, juu ya sala kwa ajili ya waliouawa vitani.

Kati ya Mababa wa Eklezia, Mwafrika mwenzetu Mtakatifu Agostino ana vitabu viwili vya lazima. Katika kitabu cha tisa cha Maungamo anasimulia kifo cha mama yake Monika huko Ostia, mwaka 387: namna alivyojizuia kulia mbele ya watu, na namna alivyoshindwa baadaye. Kitabu cha pili ni kile alichoandika karibu mwaka 421 juu ya kuwatunza wafu. Mama mjane aliyeitwa Flora alitaka mwanawe azikwe katika basilika ya Mtakatifu Felisi, na Askofu Paulino wa Nola akamwuliza Agostino kama jambo hilo linamfaa marehemu. Agostino anajibu kwamba matengenezo ya maziko ni faraja ya walio hai zaidi kuliko msaada wa wafu, na kwamba sala, sadaka na Misa ndizo zinazowafaa. Hata hivyo hadharau maziko. Ni ulizo tunalosikia hapa kwetu kila juma, wakati jamaa inapokopa franka nyingi kununua sanduku zuri.

Kwa liturjia, anza na Mtaguso wa Vatikano wa Pili, hati ya liturjia ya tarehe 4 Desemba 1963, namba 81: ibada ya mazishi ionyeshe wazi zaidi Pasaka katika kifo cha mkristu, na ipatane vizuri zaidi na desturi za kila inchi. Ndipo ikatoka Ibada ya Mazishi ya 1969, yenye utaratibu wa namna tatu, ikiwa pamoja na ile inayofanyika nyumbani mwa marehemu. Kisha soma Misale ya majimbo ya Zaire, iliyokubaliwa na Roma tarehe 30 Aprili 1988. Humo wahenga wenye moyo wa haki wanatajwa pamoja na watakatifu mwanzoni mwa Misa. Mwenye kuandika juu ya wafu katika Kongo na asiitaje Misale hiyo, kazi yake ina tundu.

VI. Waliotutangulia kuandika

Juu ya pande zetu kuna maandishi mengi kuliko watu wanavyofikiri. Padri Paul Schebesta, wa Shirika la Neno la Mungu, alifika katika msitu wa Ituri mara ya kwanza mwaka 1929, akaandika vitabu vikubwa juu ya Wambuti. Mwingereza Colin Turnbull alikaa nao karibu na Epulu. Kitabu chake cha mwaka 1961 kinaeleza sherehe ya molimo, ambayo watu wanaimba usiku mwingi baada ya kifo kusudi kuamsha msitu na kuufurahisha tena. Wengine wamemlaumu kwamba aliwapenda Wambuti hata akaficha taabu zao. Basi asomwe pamoja na Schebesta, si peke yake. Juu ya Waalur, Padri Vanneste wa Mapadri Weupe alitoa mwaka 1949 maandishi ya Kialur kutoka Mahagi, yenye maelezo ya Kiflama, na Aidan Southall alitoa kitabu chake juu ya jamii ya Waalur mwaka 1956.

Kwa mfano wa namna ya kufanya kazi, tutazame Bandundu. Huko, mwaka 1967, Padri Hermann Hochegger na wenzake walikusanya mapadri na makatekista katika juma la masomo juu ya kifo, mazishi, kilio na heshima ya wahenga. Kila mmoja alileta habari za pande zake, na zikachapishwa pamoja. Hawakungoja profesa atoke Ulaya. Kwa nini sisi tusifanye hivyo katika dekania moja ya Bunia?

Katika teolojia, Padri Vincent Mulago wa Bukavu aliandika juu ya umoja wa uzima kati ya walio hai na wafu. John Mbiti wa Kenya, katika kitabu chake cha mwaka 1969, alitumia maneno mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani: marehemu anayekumbukwa kwa jina angali katika Sasa, na anapokufa mtu wa mwisho aliyemjua, anazama katika Zamani. Na Padri Bénézet Bujo, mzaliwa wa Drodro mwaka 1940, aliyefundisha Fribourg huko Uswisi na kufariki mwaka 2023, alimweleza Kristu kama Mhenga wa kwanza anayewapa uzima wahenga wote. Mwana wa jimbo letu amesomwa Ulaya na Amerika. Ingekuwa haya asisomwe Bunia.

Maandishi hayo yatafutwe wapi? Anza na maktaba ya seminari, kisha uende Chuo Kikuu Shalom. Ndugu zetu Waprotestanti walianzisha shule yao ya teolojia mwaka 1961, na anayefika kwa adabu hafukuzwi. Kwa magazeti ya masomo, ulizia Revue du Clergé Africain ya Mayidi, iliyotoka tangu 1946 mpaka 1972, na Cahiers des Religions Africaines ya Kinshasa, iliyoanza 1967. Namba za zamani huenda zimelala katika kabati za misioni ya kale. Katika intaneti, Persée inatoa bure magazeti mengi ya Kifaransa, kama Cahiers d'études africaines. Katika katalogi usitafute neno «mort» tu, bali na «deuil», «funérailles», «veuvage», «rites funéraires» na «culte des ancêtres». Kitabu kimoja juu ya wajane chaweza kuwekwa kwenye sheria, kwenye ndoa ao kwenye desturi za makabila. Padri Michael Kirwen wa Maryknoll aliandika mwaka 1979 juu ya wajane wa Kiafrika na desturi ya kurithiwa na ndugu wa marehemu. Anayetafuta «kilio» peke yake hatamwona.

VII. Kitabu cha Chicago

Sasa turudi kwenye kitabu cha mbali. Elisabeth Kübler-Ross, mganga mzaliwa wa Uswisi, alikitoa Marekani mwaka 1969. Kinajulikana kwa hatua zake tano: kukana, kukasirika, kubembeleza kama katika bei, kuhuzunika, kukubali. Waseminari wetu wanapenda kumpima mjane kwa hatua hizo tano, na kushangaa asipozifuata kwa utaratibu. Lakini kitabu kile kilizungumza na watu wanaokaribia kufa wenyewe. Ni baadaye tu hatua hizo zilipelekwa kwa waliofiwa. Kwa hao kuna kazi nyingine. Mwaka 1996 Dennis Klass na wenzake walitoa kitabu kinachoonyesha kwamba mfiwa mwenye afya ya moyo hapashwi kukata kifungo chake na marehemu. Wazee wetu hawatastaajabu.

Tena tuangalie kitabu kile kilivyozaliwa. Mwaka 1965 wanafunzi wanne wa teolojia wa Chicago walipashwa kuandika kazi juu ya shida kubwa katika maisha ya mtu. Wakachagua kifo, wakaja kwa mganga huyo kumwuliza namna ya kuchunguza jambo hilo. Shauri lao likawa kwenda kwa wagonjwa wenyewe na kuwaomba wawafundishe, kwa hiari yao. Ndugu zangu, wanne wale walikuwa waseminari kama ninyi! Kitabu mnachokifupisha katika maktaba kilianza kwa wanafunzi waliotoka katika maktaba.

VIII. Waliokufa vitani na kwa ugonjwa

Imebaki chemchem moja ya uchungu. Juu ya vita vya Ituri kuna hati nyingi zilizo wazi kwa wote: taarifa ya pekee ya Umoja wa Mataifa juu ya Ituri, ya tarehe 16 Julai 2004, inayosimulia mambo ya tangu Januari 2002 mpaka Desemba 2003, taarifa kubwa ya 2010 juu ya Kongo nzima, na hati za Korti ya Kimataifa ya The Hague. Katika kesi ya Bogoro, kijiji kilichoshambuliwa tarehe 24 Februari 2003, waamuzi walitoa tarehe 24 Machi 2017 amri ya fidia kwa watu 297, kila mmoja dola 250 kama alama, pamoja na misaada ya wote kwa jumla. Ili kufika hapo iliwapasa kuuliza: ni nani anayehesabiwa kuwa mfiwa? Mtoto tu na mjane, ama na babu, ama na ndugu wa mbali? Mwenye kuandika juu ya kilio katika Ituri atapata humo mambo ya kufikiri.

Lakini angalia: katika hati hizo mashahidi wengi wamefichwa majina kwa usalama wao. Usijaribu kuwatambua, wala usiandike kama umewatambua. Wala usitumie wafu wa kabila moja kuwahesabia deni wengine. Kilio cha mama ni kilio.

Juu ya ugonjwa, Ebola ya 2018 mpaka 2020 katika Kivu ya Kaskazini na Ituri ilishika watu 3.470, na 2.287 wakafa. Watu walikatazwa kuosha na kugusa maiti za wapenzi wao, na pengine mawe yalitupwa juu ya wazikaji. Utaratibu wa maziko salama na ya heshima, uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2014 kwa ushauri wa Caritas na wengine, unasomwa kwa faida: unaonyesha nini kilichukuliwa kutoka kwa wafiwa na nini kiliachwa kwao. Wagangaji na wazikaji wa wakati ule wangali kati yetu. Tuwaulize.

Kwa kumaliza

Usiku wa kuamkia tarehe 27 Julai 2025, huko Komanda, wakristu waliokusanyika kusali parokiani waliuawa, zaidi ya 30. Miaka hamsini ijayo mseminari mmoja atauliza: walikuwa nani? Magazeti ya dunia yatamjibu kwa hesabu tu. Majina atayatafuta katika kitabu cha wafu, na atayapata ikiwa sisi tumeyaandika.

Ndiyo sababu maneno haya si ya waseminari tu. Paroko mpenzi, fungua kitabu chako leo, tazama ni lini uliandika mara ya mwisho. Katekista mpenzi, usitupe kaye yako, na uandike wale uliowazika peke yako, hata mtoto wa siku mbili, hata mgeni asiyejulikana kwao. Kuzika wafu ni tendo la huruma, na jina lililoandikwa vizuri ni sehemu ya kuzika. Leo ni chemchem ya masomo. Siku ya Marehemu Wote, tarehe 2 Novemba, linakuwa sala.